Mashua ya Watalii na Mpunga wa Mbarali

Mwekezaji mdogo wa Mbeya au Iringa anayetaka kununua mashua ya kupeleka watalii kutazama viboko Usangu, aulizie kwanza bei ya mpunga Mbarali. Maji ni yale yale.

Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa Ruaha mwaka 2008, hivyo kibali ni cha TANAPA. Lakini tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na umwagiliaji wa huko juu ni sababu kubwa. Mchele ukipanda bei, mkulima hana haraka ya kufunga mfereji. Viboko hubanana madimbwini, mashua hulala mchangani.

Marejesho ya mkopo yapigiwe hesabu kwa miezi yenye maji tu. Mtumbwi ni rahisi, ila kiboko huupindua.