Lau Angalimteua Gretzky: Kocha, Shabiki na Sarufi ya Majuto

Kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kusimama mbele ya darasa na kujitahidi kueleza tofauti iliyopo kati ya viambishi -nge- na -ngali-. Kila mwalimu anajua pia jinsi macho ya wanafunzi yanavyolegea wakati huo. Tunawaambia kwamba -nge- huonyesha jambo ambalo bado lina uwezekano wa kutendeka, ilhali -ngali- huonyesha jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita, wala halitendeki tena. Wanafunzi huandika, hukariri, hufanya mtihani, kisha husahau.

Nionavyo mimi, darasa bora la viambishi hivi halimo shuleni. Limo vinywani mwa mashabiki wa michezo asubuhi baada ya timu yao kushindwa. Wasikilize kituoni wakingoja matatu: "Kocha angalimwingiza fulani mapema, tungalishinda." "Fulani asingaliachwa benchi, tusingaliaibika." Hapana anayekosea kiambishi, maadam majuto yenyewe ni mwalimu. Lakini hoja zinazobebwa na sarufi hiyo safi, je, nazo ni safi? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari leo, kwa kuwa linatuhusu sisi walimu kuliko tunavyodhani.

Chukua mfano wa Nagano. Wakenya wengi huukumbuka mji huo wa Japani kwa sababu ya Philip Boit, ambaye mwaka 1998 alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Aliteleza juu ya theluji kilomita 10, akafika wa mwisho, naye bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mwishoni ili amkumbatie. Lakini kwa Wakanada, Nagano ni jina la kidonda, na kidonda chenyewe kinatokana na mchezo wanaoupenda kuliko yote: mpira wa magongo wa barafuni.

Sisi tumezoea mpira wa magongo wa nyasini, ambao timu yetu ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza mjini Barcelona mwaka 1971. Ule wa barafuni ni ndugu yake mwenye haraka. Wachezaji 6 wa kila upande, mlinda lango akiwa mmoja wao, huteleza kwa viatu vyenye vyuma wakigombea kisahani cha mpira mgumu. Kwa kuwa mchezo huo unachosha mno, kwa kawaida mchezaji hakai uwanjani hata dakika moja kabla ya kupokewa na mwenzake. Kwa hiyo mkufunzi huamua nani aingie na nani atoke mara nyingi sana katika pambano moja, na kila uamuzi ni chakula cha mashabiki.

Tarehe 20 Februari 1998, Kanada ilikutana na Jamhuri ya Cheki katika nusu fainali. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza ambapo ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, ilisimamishwa ili nyota wake waende Olimpiki, na Wakanada waliihesabu dhahabu kuwa yao. Mchezo ulikwisha kwa sare ya 1-1, dakika za nyongeza zikapita bila bao, ikabidi mshindi apatikane kwa mikwaju mitano mitano. Mkufunzi Marc Crawford aliwateua Theoren Fleury, Ray Bourque, Joe Nieuwendyk, Eric Lindros na Brendan Shanahan. Mlinda lango Dominik Hašek aliwazuilia lango wote watano. Upande wa Wacheki ni Robert Reichel peke yake aliyefunga. Ikawa basi.

Wakati huo wote Wayne Gretzky alikuwa ameketi benchi. Huyu alikuwa amefunga mabao mengi kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kucheza katika NHL, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2025 ilipovunjwa na Alex Ovechkin. Hakuitwa. Picha yake akikodoa macho baada ya kushindwa imekaa katika kumbukumbu za Wakanada kuliko mabao mengi waliyoyashangilia. Cheki ikatwaa dhahabu. Kanada ikafungwa na Finland 3-2 ikakosa hata shaba. Na tangu siku hiyo, wazee kwa vijana wamekuwa wakitunga sentensi ile ile: "Crawford angalimteua Gretzky, Kanada ingalishinda."

Sasa na tuichambue sentensi hii kama tunavyochambua sentensi yoyote ubaoni. Ina vishazi viwili, sharti na tokeo. Je, tokeo linafuata sharti? Wacheki walifunga mkwaju mmoja, Wakanada hawakufunga hata mmoja. Gretzky angaliteuliwa na kufunga, matokeo ya mikwaju yangalikuwa 1-1, na mikwaju ingaliendelea. Kwa hiyo kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kwamba "Kanada ingaliendelea kushindana." Shabiki amerukia ushindi kana kwamba ulikuwa hatua moja tu mbele. Hapo sarufi ni sahihi, mantiki ndiyo iliyochechemea.

La pili ni zito zaidi. Kwa kuwa -ngali- huzungumzia lisilotendeka tena, haliwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Maji yakimwagika hayazoleki, wala hayapimiki. Ndiyo maana mijadala ya namna hii haina mwisho: kila upande una uhuru wa kubuni matokeo yaupendezayo. Bourque angalifunga, watu wale wale wangalimsifu Crawford kwa ujasiri wa kumteua mchezaji wa ulinzi. Tunamhukumu mkufunzi kwa jambo alilolijua Mungu peke yake wakati ule.

Je, hii ina maana kwamba mkufunzi hahojiwi? La hasha. Ina maana kwamba tubadilishe swali. Badala ya kuuliza lingalitokea nini, tuulize: siku ile, saa ile, alijua nini? Swali hili lina ushahidi. Crawford alijua kwamba Gretzky alikuwa na umri wa miaka 37 na hakuwa amefunga bao hata moja katika mashindano hayo. Alijua kwamba Joe Sakic, ambaye huenda angekuwa miongoni mwa watano, alikuwa ameumia. Alijua kwamba Bourque, ingawa ni mlinzi, amewahi zaidi ya mara moja kushinda mashindano ya kulenga shabaha ya NHL. Alijua pia kwamba kumkabili Hašek ana kwa ana si sawa na kulenga shabaha isiyosogea, na kwamba Gretzky na Steve Yzerman, washambuliaji wawili wa kuogopwa, walikuwa pale pale benchi. Mimi nadhani alikosea kumtanguliza mlinzi mbele ya wawili hao. Lakini hilo ni kosa la mtu aliyepima, wala si la mpumbavu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hata hivyo kuna hukumu ya aina ya tatu, ambayo haihitaji -ngali- hata kidogo. Hiyo ni hukumu juu ya jinsi mkufunzi anavyomtendea mchezaji. Mfano wake unamhusu mlinda lango yule yule aliyekuwa langoni mwa Kanada kule Nagano, Patrick Roy.

Roy alikuwa mfalme wa Montreal, aliyeiletea klabu hiyo Kombe la Stanley mwaka 1986 na tena 1993. Tarehe 2 Desemba 1995, Montreal ilikuwa nyumbani ikipambana na Detroit. Mabao yaliingia moja baada ya jingine, lakini mkufunzi Mario Tremblay hakumwondoa. Roy alipozuia mkwaju mwepesi, watazamaji walimpigia makofi ya kejeli, naye akawainulia mikono. Aliachwa hadi alipofungwa la 9. Alipotolewa hatimaye, alimpita mkufunzi, akamwendea rais wa klabu aliyekuwa ameketi nyuma ya benchi, akamwambia kwamba huo ndio mchezo wake wa mwisho Montreal. Pambano lilikwisha 11-1. Siku nne baadaye alikuwa amehamishiwa Colorado, ambako mkufunzi wake alikuwa huyo huyo Marc Crawford, na mwezi Juni 1996 wakalitwaa Kombe la Stanley pamoja.

Mashabiki wengi husimulia kisa hiki kwa kumalizia na kombe lile, kana kwamba kombe ndilo linalothibitisha kosa la Tremblay. Silo. Hata Colorado ingalishika mkia mwaka ule, bado ingekuwa kosa kumwacha mtu asimame mbele ya umati unaomcheka wakati mbadala wake ameketi akingoja kuitwa. Kosa hilo lilionekana wakati ule ule lilipokuwa likitendeka, na aliyekuwa na macho hakuhitaji kungoja matokeo.

Nayasema haya kwa kuwa sisi walimu nasi ni wakufunzi. Tunateua wa kuigiza, wa kukariri mashairi, wa kujadiliana, wa kukaa mbele na wa kusugua benchi. Miaka kadhaa iliyopita niliteua wanafunzi wa kuiwakilisha idara yetu katika mdahalo. Nilimwacha msichana mmoja aliyekuwa ametuwakilisha vizuri mwaka uliotangulia. Nilikuwa na sababu zangu, na hadi leo naamini zilikuwa za haki. Nilibandika orodha ukutani, nikaenda zangu. Siku ya pili akabisha mlangoni kwangu. Nilijiandaa kujitetea, lakini hakuniuliza kwa nini nimemwacha. Alisema kwa adabu, "Mwalimu, ni ukuta ulioniambia."

Sikuwa na jibu. Timu yetu ilishinda mdahalo ule, na ushindi haukulipunguza neno hilo uzito. Angalishiriki, huenda tungalishinda kwa tofauti kubwa zaidi, huenda tungalishindwa, hayo hayajulikani. Lililojulikana, nami nilipaswa kulijua kabla ya kushika gundi, ni kwamba aliyetufanyia kazi kwa mwaka mzima alistahili kulisikia jambo hilo kutoka kwangu, uso kwa uso, pamoja na sababu zake. Lingenichukua dakika tano.

Basi mwalimu mwenzangu, utakapofika tena kwenye somo la -nge- na -ngali-, jaribu kuanza na mchezo ambao wanafunzi wako waliutazama juzi. Waache watunge sentensi zao za majuto, kisha waulize mambo matatu. Tokeo lako linafuata sharti lako? Mkufunzi alijua nini kabla ya mchezo kwisha? Na alimtendeaje yule aliyemwacha? Swali la kwanza litawafundisha sarufi na mantiki. La pili litawafundisha uadilifu wa kuhukumu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. La tatu ndilo watakalokupima nalo wewe, siku watakaposimama mbele ya orodha uliyoibandika wewe wakitafuta majina yao.

Ndiyo, lile la tatu halina -nge- wala -ngali-. Lina wakati uliopo tu, nao haujatupita.