Robin Szolkowy na mikono inayorusha

Robin Szolkowy alizaliwa mwaka 1979 mjini Greifswald, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, kwa mama Mjerumani na baba Mtanzania. Alitwaa ubingwa wa dunia mara tano katika kuteleza kwenye barafu kwa jozi, mara zote akiwa na Aljona Savchenko, mzaliwa wa Ukraine. Hata hivyo, watazamaji wengi humkumbuka zaidi Savchenko, maana macho humfuata aliyeko hewani. Kwa maoni yangu, hapo Szolkowy hatendewi haki.

Tazama rusho lenyewe, pale Szolkowy anapomrusha Savchenko hewani. Wote wawili wako kwenye mwendo wa kasi, na Szolkowy amesimama juu ya chuma chenye unene wa milimita chache tu. Anamshika mwenzake kiunoni, anamsukuma juu, anamwachia. Akikawia kidogo tu kuachia, mwili wa mwenzake unapinda, na huko hewani hakuna pa kushika. Kutua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, ni kazi ya Savchenko. Lakini kimo na unyoofu wa mruko huo huanzia mikononi mwa Szolkowy.

Kocha wao mjini Chemnitz alikuwa Ingo Steuer, bingwa wa dunia wa mwaka 1997. Mwaka 2006 ilipofichuka kwamba Steuer aliwahi kuwapelekea habari Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, viongozi wa michezo walitaka aondolewe. Wanafunzi wake walibaki naye.

Katika Olimpiki waliambulia shaba, Vancouver 2010 na Sochi 2014. Sochi ndiyo inayouma. Warusi Volosozhar na Trankov walikuwa wanaongoza baada ya programu fupi. Katika programu ndefu Szolkowy alianguka mapema, na mwishoni kabisa wakajaribu rusho la akseli, mizunguko mitatu na nusu, Savchenko naye akaanguka. Wangeweza kumalizia kwa rusho jepesi. Naona walifanya sawa kujaribu: walikwenda kutafuta dhahabu, na rusho jepesi lisingewapa.

Mwezi uliofuata, Saitama nchini Japani, walichukua ubingwa wao wa tano, kisha Szolkowy akastaafu. Savchenko aliipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018, Pyeongchang, akiwa na Bruno Massot. Wakati huo Szolkowy alikuwa kocha, akiwanoa Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov, waliomaliza wa nne katika shindano hilohilo.