Kabla hujafunga kioo cha gari nyumbani, mtoe mtoto uani

Kioo kilipasuka Ijumaa, njiani kutoka Chalinze. Jiwe lilirushwa na tairi la lori, likagonga upande wa abiria, na hadi kaka yangu anafika nyumbani Mbagala ufa ulikuwa umetambaa kutoka pembe moja hadi nyingine. Fundi wa vioo alimtajia bei iliyokaribia ada ya muhula ya mwanawe. Kaka akaguna, akaaga. Jumamosi alinunua kioo cha mtumba na tyubu mbili za gundi, akaangalia video kwenye simu, akaanza kazi uani.

Msaidizi wake alikuwa mwanawe wa miaka sita, mwenye pumu. Alimshikia tochi, akampa vitambaa, akainama naye juu ya dashibodi kunusa kila kilichofunguliwa. Kioo kilikaa mahali pake wakati wa magharibi na wote wakapiga picha.

Saa tano usiku wifi alinipigia. Mtoto alikuwa anakohoa, kifua kinapiga filimbi, na dawa yake ya kuvuta haikumtuliza. Usafiri uliokuwepo ni gari lile lile, lenye gundi mbichi. Walimpakia, wakashusha vioo vyote vya pembeni, wakaenda polepole hadi hospitali. Daktari wa zamu aliuliza mtoto alikuwa karibu na nini siku hiyo. Kaka alikaa kimya.

Mtoto alipata nafuu kabla ya alfajiri. Siwezi kusema kwa uhakika kwamba ni gundi peke yake iliyomwamsha pumu ile. Lakini nilipoanza kufuatilia, niliona ni mambo mengi ambayo sisi wazazi hatuambiwi tunaponunua tyubu dukani.

Gundi ile ina nini?

Gundi inayofunga kioo cha mbele kwenye magari mengi ya sasa ni ya aina ya poliyurithani. Ikiwa mbichi huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizi zinafahamika katika afya ya kazini kwa kusababisha pumu kwa watu wasiokuwa nayo na kuichochea kwa wenye nayo. Mwili ukishazizoea kwa ubaya, hata kiasi kidogo baadaye kinaweza kuleta shambulio.

Dawa nyeusi inayopakwa kwanza ili gundi ishike nayo ina harufu kali na mvuke wake huumiza macho na koo. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Kinachosaidia ni hewa inayopita, kifaa cha kupumulia chenye vichujio vya kemikali, na umbali. Kwa mtoto, mjamzito na mwenye pumu, umbali ndiyo kinga ya kwanza.

Kioo hicho si dirisha tu

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana kikigongwa hupasuka kama utando wa buibui lakini hakimwagiki, tofauti na vya pembeni ambavyo huvunjika vipande vidogo vidogo. Wazo hilo lilipewa hataza mwaka 1909 na mkemia wa Ufaransa, Édouard Bénédictus.

Kina kazi nyingine mbili ambazo hatuzioni. Gari likipinduka, husaidia paa lisibonyee. Na katika magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka huegemea kioo hicho ili umkinge aliyekaa. Kioo kisiposhika vizuri, mfuko unaweza kukisukuma nje na abiria akabaki bila mto.

Kwa hiyo silikoni ya madirisha ya alumini haifai. Haina nguvu inayotakiwa, na ile yenye harufu ya siki inaweza kuleta kutu kwenye bati.

Ukiamua kufanya mwenyewe

Kwanza tazama gari lako. Magari ya zamani, kama Land Rover za miaka ya nyuma, kioo hukaa ndani ya raba bila gundi hii. Kazi hiyo watu wawili makini wanaiweza. Gari jipya lenye kamera nyuma ya kioo usiliguse. Kamera inahitaji kupimwa upya na fundi mwenye vifaa. Na kama jeraha la kioo ni dogo kuliko sarafu na halijatambaa, mara nyingi huzibwa bila kubadili kioo. Wahi.

Fanyia kazi nje, penye kivuli na upepo, mbali na madirisha ya vyumba vya watoto. Watoto wapelekwe kwa bibi au kwa jirani siku nzima. Vaa miwani ya kazi, glavu ngumu wakati wa kukata na glavu za plastiki wakati wa gundi.

Gundi ya zamani hukatwa kwa waya maalumu, mtu mmoja ndani na mwingine nje. Usiichune yote hadi kwenye bati. Acha tabaka jembamba la milimita moja au mbili, maana gundi mpya huishika vizuri. Bati likikwaruzwa, lipakwe dawa yake kabla kutu haijaingia. Sehemu iliyosafishwa usiishike kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi huharibu mshiko. Soma tarehe ya mwisho kwenye tyubu. Iliyopitwa na muda usiitumie.

Ukimaliza, acha dirisha moja wazi kidogo. Mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kote, hewa husukuma kioo kabla hakijashika.

Kisha subiri. Gundi hii hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, na muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye tyubu: nyingine saa moja, nyingine usiku mzima. Kabla ya kazi, panga usafiri mwingine wa dharura, hata kama ni namba ya dereva wa bajaji wa mtaani.

Kabla mtoto hajapanda tena

Vipande vya kioo hujificha kwenye mishono ya viti, chini ya mazulia na ndani ya matundu ya hewa ya dashibodi. Fagia, kisha pitisha kitambaa chenye maji kila mahali. Usiwashe feni ya gari kabla ya kusafisha matundu hayo, la sivyo itapuliza chembe usoni mwa watu. Acha milango wazi hadi harufu iishe.

Chembe ikiingia jichoni, mtoto asisugue. Safisha kwa maji safi yanayotiririka. Ikiwa imechoma jicho, usiitoe wala usimwagie maji. Lifunike bila kulibonyeza na muwahi hospitali. Jeraha linalovuja damu likandamizwe kwa kitambaa safi, na kipande kilichozama kiachiwe mhudumu wa afya. Gundi ikigusa ngozi, ifute mara moja kwa kitambaa kikavu kabla haijakauka, kisha osha kwa sabuni.

Asubuhi ya Jumapili kaka alilitazama gari lake kwenye mwanga. Kioo kilikuwa kimeshuka upana wa kidole upande mmoja. Jumatatu alikipeleka kwa fundi yule yule, kikatolewa na kufungwa upya, akalipa bei aliyoikimbia, juu ya ile ya tyubu mbili.

Wiki iliyopita niliwatembelea. Mwanawe alikuja mbio getini na kuniambia, "Shangazi, siku hizi baba akitengeneza gari mimi naangalia kutoka kwa bibi."