Maneno Yaliyo Chini ya Sahihi

Ndugu msomaji, kama umehifadhi barua ya zamani kutoka nyumbani, itoe sandukuni, kisha usome kwanza yale maneno yaliyo chini ya sahihi. Huenda ukayakuta yamesongamana, mengine yamepanda ukingoni mwa karatasi kama mtu aliyekosa nafasi katika basi. Wazungu huyatangulizia herufi P.S., ufupisho wa maneno ya Kilatini post scriptum, yaani "yaliyoandikwa baadaye". Sisi wengi tuliandika N.B. Hayo nayo ni maneno ya Kilatini, nota bene, lakini maana yake ni nyingine: "angalia vema". Walimu walitusahihisha kwa wino mwekundu. Nami hadi leo naona kwamba kosa letu lilikuwa na busara yake, maana katika barua zetu jambo la kuangaliwa vema lilikuwa huko huko chini.

Sababu yake ni adabu. Katika nchi ya Wasukuma, huko Bariadi, mtu haanzi kwa shida. Hutanguliza "mwangaluka" ikiwa ni asubuhi, akajibiwa, wakaulizana habari za watoto, za ng'ombe na za mvua. Barua nayo ilifuata mwendo huo. Ama baada ya salamu, sisi hatujambo, hofu na mashaka ni juu yako. Kisha salamu za shangazi, za majirani, na habari za pamba iliyochumwa. Karatasi ikajaa. Wasalaam, mama yako mpendwa.

Zaidi ya hayo, mara nyingi mwenye barua hakuwa ndiye mwandishi. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mzazi alisema, mtoto wa shule akaandika. Tangu mwaka 1968 hadi 1972, mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO uliendeshwa katika mikoa ya Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga, ambao wakati ule ndio uliokuwa mkoa wetu; Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Wakulima walifundishwa herufi kwa vitabu vilivyozungumzia kazi zao, pamba ikiwemo. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama yangu alikuwa mmoja wa waliokaa chini ya mti na ubao wao, jembe likiwa limeegemezwa kando.

Ninayo barua yake ya mwaka 1974. Nilikuwa kibarua kiwandani Dar es Salaam. Mwandiko ni wa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la nne: mzuri, umenyooka. Niliisoma hadi "wasalaam", nikaikunja, nikaenda zamu. Siku ya tatu nilipoitoa ili niijibu, ndipo nilipoona chini kabisa herufi kubwa zinazotetemeka, zilizoandikwa kwa penseli: N.B. BABA HALI CHAKULA NJOO.

Mama aliyaandika mwenyewe. Hakutaka mtoto ajue.

Wakati ule safari ilikuwa ya garimoshi. Reli ya Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, hupita Malampaka wilayani Maswa wala haifiki Bariadi. Kutoka hapo msafiri hujitafutia lori. Nilifika baba amezikwa jana yake. Mama hakuniuliza nilichelewa wapi, wala mimi sikumweleza habari ya zile siku tatu. Sikumweleza hadi alipofariki.

Siku hizi wino hautusumbui. Anayeandika kwa simu akikumbuka jambo hurudi juu akalipachika mahali pake, na hakuna haja ya P.S. wala N.B. Hata hivyo mdogo wangu, ambaye sasa ana wajukuu, hunipigia kila Jumapili jioni kutoka Bariadi. Tunaulizana hali, ananieleza mvua ilivyo na bei ya pamba, tunaagana vizuri. Ndipo husema, "Halafu, kaka..."

Hapo huvuta kiti nikakaa.