Kanuni na Jina Lake: Ubunifu wa Mchezo wa Kete kwa Kuzingatia Mtaa wa Kakontwe

Makala haya yanahusu suala ambalo wanaisimu wa Kiswahili wamelipa nafasi finyu: mchezo wenye kanuni hubuniwaje, na lugha ina dhima gani katika ubunifu huo. Mfano unaotumika ni mchezo wa kete na mashimo, ambao pwani huitwa bao na ambao miongoni mwa Waluba wa Katanga huitwa kisolo. Suala lenyewe si la anasa. Mwalimu wa shule ya msingi katika mtaa wa Kakontwe, mjini Likasi, akitaka kuwafundisha wanafunzi wake mchezo huu, hategemei kukuta kitabu cha kanuni rafuni. Atakachokipata ni kumbukumbu za wazee, mmoja akiukumbuka mwanzo wa mchezo, mwingine mwisho wake, na wote wawili wakibishana juu ya katikati. Hapo hapana budi aamue mwenyewe ni kanuni ipi itakayofuatwa na ni ipi itakayoachwa. Apende asipende, amekwisha kuwa mbunifu wa mchezo.

Vifaa havitamsumbua. Kakontwe ni mahali pa mawe ya chokaa, na mawe hayo yana sifa hata mbali: wanajiolojia wameliazima jina la mtaa huu kuliita tabaka la miamba ya chokaa linaloonekana katika ukanda wa shaba, upande wa Kongo na upande wa Zambia. Kokoto hazina bei, na mashimo huchimbwa ardhini kwa kijiti. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo sharti la kwanza la mchezo wowote unaokusudiwa kuenea. Pwani hutumia mbegu za komwe na ubao uliochongwa kwa ustadi. Bara hutumia kokoto na udongo. Na mchezo haupungukiwi na chochote kwa tofauti hiyo. Mchezo unaodai kifaa kisichopatikana hubaki kuwa mali ya mwenye kifaa.

Jina husafiri, kanuni hubadilika

Ukoo wa michezo hii umeenea sana barani Afrika. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 uchunguzi wa michezo ya aina hii katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, pamoja na Rwanda na Burundi, na yeyote anayeusoma hugundua jinsi kanuni zinavyotofautiana hata kati ya majirani. Kwa mwanaisimu, lenye kuvutia ni kwamba majina hayatofautiani kwa kiasi hicho. Waluba husema kisolo, Wasukuma wa Tanzania isolo, Wanyarwanda igisoro, na Watonga wa Zambia chisolo. Shina ni moja. Viambishi na mabadiliko ya l na r ndiyo yanayoyatenganisha majina hayo. Waswahili wa pwani wameiacha njia hiyo na kuuita mchezo kwa kifaa chake, yaani bao.

Ina maana kwamba jina limesafiri na wazo kuu tu: safu za mashimo, kete zinazosambazwa moja moja, na kula kete za mwenzako. Mengine yote yamebuniwa upya kila mahali. Kwa hiyo anayemwambia mwalimu wa Kakontwe kuwa ni lazima atafute kanuni za asili zisizoguswa anamtuma kutafuta kitu ambacho huenda hakijawahi kuwako. Kila kizazi kilichocheza kilibadilisha.

Pia si kweli kwamba michezo hii daima ilizuka yenyewe, bila mtu kuikusudia. Masimulizi ya Wakuba wa Kasai yanamtaja mfalme wao Shyaam a-Mbul a-Ngoong, wa karne ya 17, kuwa ndiye aliyewaletea mchezo wa lyeel, ambao ni wa ukoo huu huu, ili watu wake waache kucheza kamari. Sanamu yake ya mbao, iliyomo katika British Museum mjini London tangu mwaka 1909, inamwonyesha ameketi na ubao wa mchezo huo mbele yake. Mfalme mwingine angeomba achongewe na upanga uliochomolewa. Masimulizi hayo yawe historia au yawe sifa, yanathibitisha kuwa Wakuba waliutazama mchezo kama kitu kinachoweza kuchaguliwa na kuwekwa kwa makusudi, kwa faida ya jamii.

Kasoro huzaa kanuni

Ili kuona jinsi kanuni inavyozaliwa, inafaa kulitazama bao la Kiswahili kama lichezwavyo Unguja, kwa sababu kanuni zake zimeandikwa kwa ukamilifu kuliko nyingi za ukoo huu. Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa huko katika tasnifu aliyoitoa Leiden mwaka 1995. Ubao una safu nne za mashimo manane, nazo kete ni 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Kila mmoja hutawala safu mbili, ya mbele na ya nyuma. Anayeliwa kete zote za safu ya mbele ameshindwa, hata kama safu yake ya nyuma imejaa.

Kete zilizoliwa hazitoki mchezoni. Aliyekula huzisambaza upande wake, na kesho yake, kama wasemavyo wachezaji, zinaweza kurudi kwa mwenyewe. Hapa pana jibu la kasoro moja kubwa ya michezo mingi: anayetangulia kupoteza huendelea kupoteza, na saa nzima ya mwisho huwa ya kumngojea akubali. Katika bao aliyebakiwa na kete chache aweza kwa zamu moja kugeuza hali yote. Matumaini yamo ndani ya kanuni yenyewe.

Kasoro ya pili ni mwanzo. Iko aina nyepesi iitwayo bao la kujifunza, ambamo kila shimo hutiwa kete mbili tangu awali na mchezo ukaanza. Ni nzuri kwa mgeni, lakini mwanzo wake ni ule ule kila siku, na mwenye kumbukumbu nzuri aweza kuyakariri mapigo ya kwanza. Bao la Kiswahili limelitatua tatizo hilo kwa hatua ya namua. Mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuliani mwake. Kete 22 hubaki mkononi, naye huziingiza moja moja kwa kila zamu. Kete za mkononi zikiisha ndipo hatua ya mtaji huanza, na mchezaji sasa hutegemea zilizomo ubaoni. Waganda, katika omweso, wamekabiliana na kasoro hiyo hiyo kwa njia nyingine kabisa: kila mchezaji hupanga kete zake 32 apendavyo kabla ya kuanza. Tatizo moja limepata tiba mbili, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kuwa moja ni sahihi na nyingine ni kosa.

Nayo nyumba ni kanuni inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika hatua ya namua, kete ya mwisho ikitua katika nyumba bila kula, mwenyewe huchagua: alale, yaani zamu ikomee hapo, au aende safari kwa kuzichukua kete zote na kuzisambaza. Akisafiri, nyumba imevunjika na haki hiyo haimrudii. Akikaa, kete zinaongezeka, na mwenzake anazidi kuzitamani. Uamuzi wa namna hii ndio roho ya mchezo mzuri. Panapokuwa na njia moja tu iliyo bora, mchezaji ametolewa kazi ya kufikiri. Panapokuwa na njia mbili zenye faida na hasara zisizolingana, amepewa.

Mashimo kumi na sita

Mwalimu asianze na ubao mzima. Tuseme anachora safu nne za mashimo manne, na kutia kokoto mbili katika kila shimo: mashimo 16, kokoto 32. Atakutana mara moja na maswali ambayo ubao mkubwa umekwisha kuyajibu.

La kwanza ni la hesabu. Katika bao la Unguja, zamu katika hatua ya mtaji haiwezi kuanzia katika shimo lenye kete zaidi ya 15. Anayenakili kanuni bila kuitafakari ataileta 15 hiyo Kakontwe. Lakini sababu yake ni kwamba mzunguko wa mchezaji una mashimo 16: kete 16 zingezunguka zote na ya mwisho kurudi pale pale zilipotoka. Katika ubao wetu mdogo mzunguko ni mashimo manane, kwa hiyo kikomo kinachofaa ni saba. Idadi ni mali ya ubao, wala si mali ya mila. Watoto wakiachwa wagundue jambo hili wao wenyewe, somo la hesabu la siku hiyo limekwisha kufundishwa.

La pili ni haki. Kwa kuwa kila shimo la mbele lina kokoto na linatazamana na shimo la mpinzani lenye kokoto, anayeanza aweza kula kwa zamu yake ya kwanza, kabla mwenzake hajagusa kitu. Je, faida hiyo inatosha kuharibu mchezo? Swali hili halijibiwi kwa kufikiri tu. Wawili wawili wacheze mara nyingi, wakibadilishana kuanza, na mmoja aandike ukutani kwa chokaa (haiadimiki Kakontwe) nani alianza na nani alishinda. Ikionekana kuwa waanzaji hushinda mno, darasa litapendekeza dawa: zamu ya kwanza isile, au baadhi ya kokoto zishikwe mkononi kwanza. Kisha dawa nayo ijaribiwe. Kosa la wabunifu wengi wasio na uzoefu ni kuongeza kanuni tatu kwa pamoja. Mchezo ukipona, hawajui ni ipi iliyouponya.

La tatu ni zamu isiyokoma. Kete ya mwisho ikitua katika shimo lenye kete, mchezaji huendelea. Na hata kwenye ubao kamili imethibitishwa kuwa ipo mipango ya kete ambayo zamu yake haina mwisho. Ni adimu, ila mchezo hauna budi kuwa na neno la kusema siku hiyo ikifika.

Kuita ni kuamua

Kufikia hapa suala linarudi kwa mwanaisimu. Bao halikuhifadhiwa kwa maandishi. Limehifadhiwa kwa istilahi: namua, mtaji, takata, nyumba, kichwa, kimbi, lala, safari. Kila istilahi ni kanuni iliyofungwa katika neno moja, na anayelitamka katika ubishi amekwisha kutoa hoja yake yote. Anayesema "ni takata" amesema kwamba zamu hii haili, na kwamba haitakula mpaka imalizike. Kanuni isiyo na jina huelezwa kwa sentensi ndefu, na sentensi ndefu haisikiki katikati ya kelele za watoto ishirini. Baada ya miezi michache hakuna anayeikumbuka.

Mfano wa karibu zaidi na wakati wetu ni nzango, mchezo wa wasichana wa pande zote mbili za mto Kongo, ambamo mmoja hupata pointi miguu inapolingana na mwingine inapotofautiana. Uani mwa shule ulijitosheleza kwa nyimbo na mazoea. Ulipochezwa mjini Brazzaville katika Michezo ya Afrika ya mwaka 2015 ulihitaji waamuzi, na mwamuzi hawezi kutoa hukumu kwa jambo lisiloitwa.

Je, mwalimu wa Kakontwe atumie istilahi za pwani? Baadhi zitapita bila taabu: nyumba, kichwa, kulala na safari hufahamika Likasi kama zifahamikavyo Mombasa, na maana yake ya mchezoni hutokana na maana ya kila siku. Mtaji ni neno la wafanyabiashara wa pwani. Katika mji uliokuzwa na mgodi, ambako fedha na kazi vimezungumzwa kwa Kifaransa muda mrefu, huenda likasikika kama neno la kitabuni, ingawa latufaa. Namua na kimbi zitakuwa ngeni kabisa. Kimbi ni ngeni hata kwa Waswahili wengi wasiocheza. Haitakuwa dhambi kuyabadilisha haya mawili kwa maneno ya Kiluba, Kisanga au Kibemba yanayosikika mtaani, wala kwa neno ambalo watoto wenyewe wamelizua. Kinachodaiwa ni kwamba neno liwe fupi, lisichanganyike na jingine la mchezo huo huo, na kwamba mtoto aweze kulitamka kwa hasira na wenzake wakaelewa.

Kipimo hicho cha mwisho kinapita vipimo vya kamati nyingi za istilahi. Mwalimu akitaka kujua ni maneno yapi yamekubalika, akae pembeni wiki ya tatu, asiwasahihishe, ayaandike yale yanayotamkwa wakati wa ubishi tu. Kanuni ambazo hazikutajwa hata mara moja katika wiki hiyo, ama zinafuatwa na wote bila shaka yoyote, ama zimekwisha kufa. Na ili kuzitenganisha itambidi aingie mwenyewe mchezoni, azivunje moja moja, na kusikiliza kama kuna atakayepiga kelele.