Godoro, chaga na mgongo wa alfajiri

Kipimo cha kwanza cha godoro Dodoma ni ngumi. Pita mitaa ya pembeni mwa Soko Kuu la Majengo, pale magodoro yanapoegemezwa ukutani kama wazee wanaoota jua, kisha simama mbele ya muuzaji. Hatakueleza godoro limetengenezwa kwa kitu gani. Ataligonga. "Sikia hilo, mama. Jiwe!" Halafu atagonga la pili, ngumi izame mpaka kwenye kifundo, naye akunje uso kama aliyeonja mchuzi uliozidi chumvi. Somo limeeleweka: gumu ndilo zuri, na aliyekuja na kiuno kinachouma anaondoka na jiwe.

Mji huu una heshima yake katika biashara hiyo. Ukiwa dukani Mbeya au Mwanza ukasikia mtu anasema "nipe Dodoma, tano kwa sita, inchi nane," ujue haulizi njia ya kuja makao makuu; anataka godoro lenye jina la mji huu.

Tusiwalaumu wauzaji, kwa sababu imani ya ugumu ilitoka hospitali. Kwa miongo mingi madaktari, hapa kwetu na Ulaya, walimwagiza mgonjwa wa mgongo alalie kitu kigumu: aweke ubao chini ya godoro, na ikishindikana alale sakafuni. Ushauri huo ulirithishwa kutoka kwa mwalimu wa udaktari hadi mwanafunzi bila kupimwa. Ulikuja kupimwa vizuri Hispania, katika utafiti wa Francisco Kovacs na wenzake uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Lancet. Watu wazima 313 wenye maumivu ya kiuno yaliyokuwa yamewaganda kwa muda mrefu waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa magodoro magumu, la pili magodoro ya ugumu wa kati, na washiriki hawakuambiwa wamepewa lipi. Kwenye kipimo cha Ulaya, ambapo 1 ni gumu kabisa na 10 ni laini kabisa, magumu yalikuwa 2.3 na ya kati 5.6. Baada ya siku 90 waliolalia ya kati ndio waliopata nafuu zaidi: maumivu yalipungua wakiwa kitandani, yalipungua wakati wa kuamka, na shughuli za mchana hazikuwalemea kama zamani.

Sababu inaonekana ukijilaza ubavu juu ya sakafu ya saruji kwa dakika tano tu. Mwili hauko bapa kama ubao. Bega na nyonga vimetokeza, kiuno kimeingia ndani. Sakafu inabeba bega na nyonga peke yake, na kiuno kinabaki kinaning'inia kama daraja lisilo na nguzo. Misuli inakesha ikikishikilia. Baada ya muda bega linakufa ganzi, unageuka, na ukigeuka sana usingizi unakatika. Godoro lililobonyea lina kosa la kinyume chake: nyonga, ambayo ndiyo sehemu nzito, inazama shimoni na uti wa mgongo unapinda kama upinde. Linalotakiwa ni godoro linaloruhusu bega na nyonga kuzama kidogo, halafu likakipokea kiuno. Ngumi haiwezi kukuonyesha hilo. Vua viatu, lala ubavu juu ya godoro hapo hapo dukani kwa dakika kumi, na mwombe uliyekuja naye akutazame kwa nyuma. Mstari kutoka shingoni hadi kwenye makalio ukiwa umenyooka, umelipata. Najua watu watacheka. Godoro hili utalilalia kwa miaka, wao watacheka kwa dakika kumi.

Hapo mzee wa Bahi au Chamwino atauliza: mbona sisi tulikulia juu ya ngozi ya ng'ombe ndani ya tembe, na migongo yetu ikalima? Swali ni la haki. Binadamu alitandika nyasi kabla hajajua sponji. Kwenye Pango la Border, Afrika Kusini, wanaakiolojia wamekuta matandiko ya nyasi yaliyotandazwa juu ya majivu yapata miaka 200,000 iliyopita, na majivu hayo huenda yalikuwa ya kuzuia wadudu watambaao. Kaskazini mwa nyanda zetu, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanalala chini. Watafiti waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya mkononi vinavyorekodi usingizi kwa siku 20, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanashangaza: muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Karibu usiku kucha kulikuwa na mtu macho. Kushtuka usingizini mara moja mbili, basi, si ugonjwa, na tangazo la godoro linalokuahidi usingizi wa gogo hadi asubuhi linauza ndoto. Ila habari hizi hazithibitishi kwamba ardhi inatibu. Aliyezoea kulala chini tangu utotoni, mwembamba, anayetembea kutwa, hana mwili wa karani wa miaka 50 aliyeshinda kwenye kiti cha ofisi ya serikali huko Mtumba. Na yule mzee wa tembe naye alikuwa na maumivu yake. Hakuwa tu na wa kumlalamikia.

Mimi niliingia mji huu katika wimbi la watumishi lililofuata tangazo la Rais John Magufuli la Julai 2016, serikali yote ihamie Dodoma. Nikapanga Nkuhungu, nikanunua kitanda barabarani kwa haraka na godoro jipya juu yake. Mwezi wa pili kiuno kilianza. Kila asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nikiomba ruhusa ya kusimama. Nikalilaumu godoro, nikaligeuza, nikalilaumu tena, nikaanza kupiga hesabu za kununua lingine. Fundi seremala aliyekuja kurekebisha mlango ndiye aliyeinua godoro bila kuulizwa, akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, hapa unalalia hewa."

Chaga zilikuwa saba kwa kitanda cha futi sita. Mbili zilikuwa za mbao laini na zimepinda kuelekea chini, hasa pale nyonga inapokaa. Nyingine ilikuwa imetoka mahali pake na kushikiliwa na msumari mmoja. Sponji haina mifupa. Inafuata umbo la kilicho chini yake, na chaga zikipishana kwa shibiri nzima, godoro linaingia katikati ya nafasi kama unga unavyopita kwenye chekecheke lililotoboka. Kanuni ya kawaida kwa godoro la sponji ni nafasi isiyozidi sentimita saba au nane, yaani vidole vinne, na kitanda kipana kiwe na mhimili wa katikati wenye mguu unaogusa sakafu. Fundi aliongeza chaga sita za mninga na mguu mmoja. Gharama haikufika robo ya bei ya godoro nililokuwa nimelipania.

Kwa hiyo inua godoro kwanza. Ukikuta chaga ziko sawa na shimo bado lipo, hapo ndipo godoro limechoka. Lilaze sakafuni, nyoosha kamba kutoka ukingo hadi ukingo, utazame bonde lina kina gani. Likifika inchi moja na nusu bila mtu juu yake, kuligeuza ni kuahirisha tatizo.

Wakati wa kununua, nenda na mizani. Sizungumzi kwa utani. Ubora wa sponji unategemea sana uzito wake kwa ujazo, kwa sababu sponji nyepesi ni hewa nyingi yenye kuta nyembamba, na kuta hizo huvunjika mapema. Unene wa inchi hauelezi hilo; inchi kumi za sponji nyepesi zitabonyea kabla ya inchi sita za sponji nzito. Godoro la futi tano kwa sita na inchi nane lina mita za ujazo 0.57 hivi. Litundike kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ile wanayopimia mahindi. Likisoma kilo 14, gawanya: unapata kama kilo 25 kwa kila mita ya ujazo, godoro la mtu mzima hilo. Likisoma kilo 9 umepata 16, na hilo mwekee mgeni asiyekaa sana. Angalizo moja: wapo watengenezaji duniani wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji ili ipate uzito, kwa hiyo mizani iende pamoja na kulilalia. Uzito na ugumu ni vitu viwili. Sponji nzito inaweza kuwa laini, na sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ikawa ngumu kama ubao kwa miezi sita, muda unaotosha muuzaji kukusahau.

Halafu kuna baridi yetu. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Magoti huwa mazito, vidole havifungi vifungo, na watu husema wamepigwa na baridi yabisi. Baridi haimpi mtu ugonjwa wa viungo, lakini mwenye viungo vibovu huhisi ukakamavu zaidi kukiwa na baridi, na misuli hujikaza. Aliyelala chini anapoteza joto kwenda kwenye saruji usiku kucha, hivyo blanketi moja chini ya mwili linaweza kumfaa kuliko la pili juu. Wenye magodoro ya sponji ile inayokumbuka umbo la mwili, yanayoletwa kwa bei kubwa, wafahamu pia kwamba huwa magumu kwenye baridi. Ndivyo yalivyo, mpaka joto la mwili liyalainishe.

Mto nao unaonewa. Watu hununua mkubwa kwa sababu unapendeza juu ya shuka. Kazi ya mto kwa anayelala ubavu ni kujaza nafasi kati ya sikio na bega, basi. Mwenye mabega mapana anahitaji wa juu, mwembamba anahitaji wa chini. Anayelala chali aweke mto mdogo chini ya magoti, kiuno kitapumzika. Anayelala ubavu aweke kitenge kilichokunjwa katikati ya magoti ili nyonga isivutwe. Mama mjamzito aliyefikisha wiki 28 anashauriwa alale ubavu, na kitenge hicho hicho kinamfaa chini ya tumbo.

Jambo ninaloona linasahaulika kabisa linatokea baada ya kuamka. Kati ya pingili za mgongo kuna sahani laini zilizojaa maji. Mchana uzito wa mwili unazikamua; usiku zinanyonya maji na kuvimba tena, ndiyo maana mtu huwa mrefu asubuhi kuliko jioni kwa sentimita moja hadi mbili. Zikiwa zimejaa hivyo, kuinama kunazibana kwa nguvu zaidi, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo zinapopoteza sehemu kubwa ya yale maji. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1998 uliwafundisha watu wenye maumivu ya kiuno wasiiname mapema asubuhi, na maumivu yakapungua. Sasa mfikirie mama wa Veyula au Hombolo. Anaamka saa kumi na moja, anashika ufagio mfupi wa njiti, anainama mpaka paji la uso likaribie magoti na kufagia uwanja mzima. Kisha anainama kwenye mafiga, kisha anainua ndoo ya lita 20. Mnunulie godoro la bei yoyote, mgongo wake utaharibika kabla jua halijatoka. Mti wa mita moja uliofungwa kwenye ufagio unagharimu kamba tu, na uwanja unaweza kusubiri chai.

Yapo maumivu ambayo duka la magodoro halihusiki nayo. Ukanda huu ni wa mifugo, na brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe na mbuzi, huingia kwa binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa au mikono iliyozalisha mnyama. Humletea homa inayokuja na kuondoka, jasho, na maumivu makali ya viungo na kiuno. Kifua kikuu nacho hukaa hata kwenye uti wa mgongo, kikiambatana na kukonda na jasho la usiku. Vidole vilivyovimba na kukakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa vinaweza kuashiria yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo. Kijana anayeamshwa na kiuno alfajiri, akapata nafuu akitembea, naye apimwe. Na ganzi sehemu za siri, miguu kulegea, au kushindwa kuzuia mkojo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mzazi mwenye magoti mabovu, urefu wa kitanda ni muhimu kama kilicho juu yake. Kikiwa chini sana anainuka kwa kusukuma magoti yale yale yanayouma. Kikiwa juu sana miguu inaning'inia naye anashuka kwa kuruka. Mkalishe ukingoni, nyayo zote mbili ziguse sakafu, na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Pima hapo kwa fimbo yake mwenyewe, weka alama kwa mkaa, umpelekee fundi akate miguu au aiongeze.