Je, Wajua? Mbu Anachagua wa Kumuuma, na Mengine Mapya Kuhusu Malaria

Je, wajua kwamba yule ndugu yako anayelalamika kila usiku kuwa mbu wanampenda yeye tu huenda anasema kweli? Mwaka 2023 watafiti waliokuwa Macha, kusini mwa Zambia, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya ndani ya kizimba cha wavu chenye upana wa mita 20 kwa 20. Nje ya kizimba walilala watu sita, kila mmoja kwenye hema lake. Hewa ya kila hema ilivutwa kwa bomba mpaka juu ya kisahani kilichopashwa moto kufikia joto la ngozi ya binadamu, kisha mbu wakaachiwa wachague usiku kucha. Visahani vingine vilizongwa na mbu, vingine viliguswa mara chache. Waliopendwa zaidi walikuwa na harufu yenye wingi wa asidi zinazotoka kwenye ngozi na kwa bakteria wanaoishi juu yake. Aliyekwepwa kuliko wote alikuwa na harufu yenye eukaliptoli, kemikali ileile inayoyapa majani ya mkaratusi harufu yake.

Je, wajua kwamba vimelea vya malaria navyo hubadili harufu yetu kwa faida yao? Magharibi mwa Kenya, harufu ya miguu ya watoto ilikusanywa walipokuwa na vimelea, ikakusanywa tena baada ya kutibiwa. Mbu waliikimbilia zaidi ile ya siku za vimelea. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2018.

Je, wajua kwamba mbu husafiri kwa upepo? Nchini Mali walinaswa usiku wakiwa kati ya mita 40 na 290 juu ya ardhi.

Je, wajua kwamba kundi moja la damu linalopatikana Kilifi, Kenya, kuliko karibu pengine popote duniani humkinga mtoto dhidi ya malaria kali? Linaitwa Dantu. Wataalamu walijua kwamba watoto wenye damu hiyo hawalazwi sana kwa malaria kali, ila sababu haikujulikana mpaka mwaka 2020, Silvia Kariuki na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome huko Kilifi, wakishirikiana na watafiti wa Uingereza, walipozitazama chembe nyekundu za damu hiyo kwa hadubini. Ili kimelea kiingie ndani ya chembe, lazima kwanza kiusukume na kuukunja utando wake. Kwenye damu ya Dantu utando umekazika kama ngozi ya ngoma iliyowambwa sawasawa, na ukikazika kupita kiwango fulani kimelea hujaribu, hushindwa, kisha hubanduka. Kumbe hata chembe za watu wasio na Dantu hutofautiana kwa mkazo, na zile zilizokaza zaidi huvamiwa kwa shida. Sasa watafiti wanajiuliza kama dawa inaweza kuukaza utando huo kidogo tu. Binafsi, katika yote niliyosoma kuhusu malaria, hili ndilo linalonipa matumaini zaidi, maana kinga hiyo ilikuwa ndani ya damu ya watoto wa Pwani miaka yote hii.

Je, wajua kwamba aliyeonyesha uhusiano wa ugonjwa wa selimundu na malaria alikulia Kenya? Ni Anthony Allison, mwaka 1954. Mwenye jeni moja tu ya selimundu hupata kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Lakini tusichanganye mambo: mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa mwenyewe wa selimundu, hana raha hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa, na ndiyo maana kliniki humpa dawa za kujikinga. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni za wagonjwa wa selimundu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wako Afrika, na sioni namna ya kuiita tiba hiyo yao mpaka bei hiyo ishuke.

Je, wajua kwamba ndani ya chanjo za malaria mna kitu kinachotokana na gome la mti wa Chile? Mti huo hutoa povu kama sabuni, na kemikali zake huamsha kinga ya mwili ili isipuuze chanjo. Chanjo ya kwanza, RTS,S, ilianza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya. Katika maeneo hayo vifo vya watoto wa umri uliolengwa vilipungua kwa asilimia 13. Usiione ndogo: hapo vimehesabiwa vifo vya magonjwa yote, si vya malaria peke yake. Ya pili, R21, ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi, pia Mali na Burkina Faso, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023.

Je, wajua kwamba chandarua cha kisasa kinachosambazwa sehemu nyingi za Afrika kilithibitishwa Misungwi, mkoani Mwanza? Mbu wengi wameshazoea dawa ya kawaida ya vyandarua, ile inayoshambulia neva zao. Chandarua kipya kina dawa ya pili, klorfenapiri, ambayo haishughuliki na neva kabisa. Inazizuia chembe za mwili wa mbu kuzalisha nguvu, basi mbu anaishiwa na kufa. Kwa miaka miwili, watoto wa vijiji vilivyopewa vyandarua hivyo waliugua malaria pungufu kwa asilimia 44 kuliko wale wa vyandarua vya kawaida. Mwaka 2023 vyandarua hivyo vikapendekezwa rasmi.

Je, wajua kwamba mbu anaweza kufa kwa kukuuma wewe? Dawa ya ivermektini, ambayo wengi wameimeza kwenye kampeni za usubi na matende, hubaki kwenye damu kwa siku kadhaa, na mbu anayeinyonya hufa. Huko Kwale watu walimeza dozi moja kwa mwezi kwa miezi mitatu. Matokeo ya 2025 yalionyesha maambukizi mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yamepungua kwa asilimia 26, mbali na kinga ya vyandarua walivyokuwa navyo tayari. Asili ya dawa yenyewe ni bakteria aliyeokotwa kwenye udongo karibu na uwanja wa gofu nchini Japani. Nobeli ya tiba ya 2015 iligawanywa kati ya waliogundua ivermektini na Tu Youyou wa China, aliyegundua artemisini, dawa ya malaria.

Na hiyo artemisini ndiyo inayotutia wasiwasi. Mwaka 2020 Rwanda ilitangaza vimelea vilivyobadilika jeni na kuanza kuistahimili. Uganda ikafuata 2021, kisha vikaonekana Kagera, Tanzania. Dawa mseto bado inatibu, kwa kuwa ndani yake artemisini ina dawa mwenza. Ila anayemeza vidonge vya siku moja na kuhifadhi vilivyobaki kwa homa ijayo anaviachia vimelea sugu nafasi ya kuzaana.

Je, wajua kwamba Bagamoyo kuna mbu waliotiwa jeni za chura na nyuki? Wametengenezwa hapohapo, katika maabara ya Taasisi ya Afya Ifakara. Wana uwezo wa kutoa protini mbili ndogo, moja ya asili ya ngozi ya chura wa Afrika na nyingine ya sumu ya nyuki. Mbu akishanyonya damu, protini hizo humiminika tumboni mwake na kudumaza vimelea, hata mbu afe kabla vimelea havijakomaa. Kwenye utafiti uliochapishwa Desemba 2025 walilishwa vimelea vilivyotoka kwa watoto wa Tanzania wenye maambukizi, si vile vilivyofugwa maabara miaka mingi. Mbu hao hawajaachiwa nje, na uamuzi wa kuwaachia lazima uwahusishe wanavijiji wenyewe tangu mwanzo.

Je, wajua kwamba malaria imeanza kuhamia mjini? Mbu aina ya stephensi, mwenyeji wa Asia, huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji. Djibouti ilikuwa na wagonjwa 27 mwaka 2012, ambao ndio mwaka aliogunduliwa huko. Mwaka 2020 walizidi 73,000. Kenya alionekana 2022.

Je, wajua kwamba mpaka Julai 2025 hakukuwa na dawa ya malaria iliyoidhinishwa mahususi kwa watoto wachanga? Walipewa ile ya watoto wakubwa, wakati ini lao bado halijaweza kuichuja vilivyo, na hatari ya kuzidisha dozi ilikuwa kubwa. Dawa mpya ni ya watoto wa kilo 2 hadi chini ya 5. Iliidhinishwa Uswisi, na nchi nane za Afrika zilishiriki kuikagua, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwamo. Ina ladha tamu, na mama anaweza kuiyeyusha kwenye maziwa yake mwenyewe.